Barua Aliyosomewa Lea

Lea alikuwa ameanza kulala amekaa, na mama yake hakujua.

Yudith alikuwa ametoka Mlali, hii ilikuwa wiki ya pili, amekuja Nzuguni kumwangalia binti yake mwenye mimba ya miezi saba. Kutwa nzima alikuwa naye: alimchotea maji, alimpikia, alimfulia. Lakini jua likizama aliaga, akavuka uzio wa mabua na kwenda kulala kwa jirani, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Ndivyo alivyolelewa, na hakuona sababu ya kubadilika eti kwa kuwa siku hizi kila kitu ni ruksa. Asubuhi alirudi akamkuta Lea ameshaoga, amekaa kibarazani na kanga safi, anatabasamu.

Jirani huyo, Joha, alikuwa mjane wa Kirangi aliyehamia kutoka Kondoa, mkaanga maandazi maarufu pale mtaani. Ndiye aliyesema.

"Mama Lea, nikuulize kitu, na usinione mmbeya. Mwanao ana kifua?"

"Kifua gani tena?"

"Anakohoa. Dirisha langu na lao yanatazamana. Usiku anakohoa, halafu nasikia kitanda kinalia, anashuka, anasimama dirishani anahema kama mtu aliyekimbizwa na nyati. Wewe ukilala umelala, hata wakubebe na kitanda."

Yudith aliacha kukanda unga. Alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akavuka uzio.

Lea alikuwa kwenye kigoda, anachambua mlenda. Yudith alichuchumaa mbele yake, akaushika mguu wake wa kulia, akabonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo. Alipotoa kidole shimo lilibaki palepale, kama kwenye unga aliotoka kuukanda.

"Hii imeanza lini?"

"Ni mimba tu, mama. Mama Miriam kasema miguu ikivimba hivi ni mtoto wa kiume." Miriam alikuwa mama yake Batholomeo, mume wa Lea.

"Sikukuuliza Miriam kasema nini. Usiku unalalaje?"

Lea alitazama ungo wake. "Naegemea gunia la uwele. Nikilala chali nazama."

"Unazama?"

"Kama maji yananijaa hapa." Aligusa kifua. "Nikikaa yanashuka."

"Na kisimani? Juzi ulikataa kwenda na mimi ukasema jua kali."

"Nafika nusu ya njia pumzi inakata."

"Lea, mwanangu. Nipo hapa siku kumi na mbili."

"Batholomeo alisema nisikutie hofu. Alisema wewe una roho nyepesi, utaita watu waje kuomba. Na barua ya hospitali ilisema nimepona, mama. Ulikuwepo iliposomwa."

Ni kweli, alikuwepo.

*

Ilikuwa mwaka juzi. Mimba ya kwanza ya Lea ilipofika miezi saba presha ilimpanda, akavimba uso hadi macho yakawa mistari, kichwa kikamuuma siku tatu, na mtoto akazaliwa hana uhai. Walimrudisha nyumbani. Wiki ya tatu ilikuwa haijaisha, pumzi ikaanza kumpotea, akarudishwa wodini akakaa mwezi mzima. Siku ya kuruhusiwa, daktari mmoja wa makamo alimwita Batholomeo ofisini kwake, akafunga mlango. Lea na mama yake walisubiri kwenye benchi. Ndivyo mambo yalivyokwenda. Mwenye mke aliitwa ndani, mwenye ugonjwa akakaa nje na vyombo vyake. Batholomeo alitoka na barua ya Kiingereza ndani ya bahasha ya kaki.

Jumapili yake watu wa pande zote mbili, pamoja na mchungaji, walikusanyika sebuleni hapa Nzuguni. Batholomeo alikuwa karani katika ofisi moja mjini, kijana wa kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa, na Yudith alijivunia kuwa na mkwe ambaye barua yoyote ya serikali haimshindi. Alisimama, akavaa miwani, akasoma fungu moja moja kwa Kiingereza kisha akalitafsiri. Mgonjwa alikuwa ameugua sana. Sasa amepona. Amalize dawa alizopewa, zatosha. Apumzike mwaka mmoja, halafu waendelee na uzazi kama kawaida.

Watu waliitikia amina. Jogoo aliyechinjwa siku ile alikuwa wa Yudith, amembeba mwenyewe mapajani kutoka Mlali, na paja moja alimwekea mkwewe kwenye sahani kwa mkono wake.

*

"Barua hiyo iko wapi?" Yudith aliuliza sasa.

"Kwenye sanduku lake, chumbani. Mama, tumsubiri arudi kazini."

"Atarudi saa kumi na moja. Wewe pumzi yako itakusubiri mpaka saa kumi na moja?"

Lea alitaka kuinuka aende kuifuata mwenyewe. Alisimama, akashika nguzo ya kibaraza, midomo ikamgeuka rangi kama mtu aliyekula zambarau. Yudith alimkalisha.

Chumba cha mkwe si mahali pa mama mkwe kuingia. Yudith alisimama mlangoni mbele ya pazia kwa muda, mkono wake umeshika kitambaa. Kisha akaingia ameangalia chini, asione kitanda, asione nguo zilizotundikwa ukutani. Gunia la uwele lilikuwa kichwani mwa kitanda, limebonyea katikati kwa mgongo wa mtu. Hilo aliliona. Alipiga magoti, akavuta sanduku la bati, akafungua. Vyeti vya shule, cheti cha ndoa, picha ya ubatizo. Bahasha ya kaki ilikuwa chini kabisa, chini ya nguo nyeupe ndogo ambazo mtoto wa kwanza hakuwahi kuzivaa.

Joha alikuwa ameshasimamisha pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa zabibu aliyekuwa akielekea mjini. Mwenye pikapu alilalamika kwamba makreti yake yatapondeka.

"Wewe Zaidi, maandazi yangu umeyala tangu huna ndevu," Joha alimwambia. "Leo ukimwacha huyu mtoto barabarani, yote uliyowahi kula yatakugeukia tumboni."

Zaidi alishusha makreti mawili. Lea alikaa mbele. Yudith na Joha walipanda nyuma, katikati ya zabibu.

*

Hospitalini foleni ya wajawazito ilijaa mabenchi mawili na kumwagika hadi sakafuni. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliwauliza kadi, akawauliza kama wamekuja na glovu, maana siku hizo mambo ya kuchangia yalikuwa yameanza na mgonjwa alikuja na vifaa vyake kama anayekwenda shule ya bweni.

"Hatujaja na glovu," Yudith alisema. "Tumekuja na mgonjwa."

"Mama, usinijibu hivyo. Kila mtu hapa amekuja na..." Muuguzi alimwona Lea, jinsi shingo yake ilivyokuwa ikicheza kila alipovuta hewa, na hakumalizia. Alimshika mkono akampitisha mbele ya wote.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Abdulrahim, na alikuwa na wanafunzi wawili wa uuguzi pembeni yake. Alimfunga Lea kitambaa cha presha, akasukuma hewa, akasikiliza, akasukuma tena kana kwamba haamini.

"Mia na tisini kwa mia na ishirini," alimwambia muuguzi. Alimsikiliza mgongoni. Alibonyeza miguu. Kisha akanyoosha mkono kupokea bahasha, akasoma ile barua amesimama, na uso wake ukabadilika.

"Wewe dada umesoma?"

"Darasa la saba, daktari."

"Basi una akili zako. Mwaka juzi umeponea chupuchupu, watu wamekuhangaikia mwezi mzima, wakakuambia usifanye jambo moja. Moja tu. Na ndilo ulilokwenda kufanya." Aliwageukia wanafunzi. "Hawa ndio wagonjwa wetu. Unamwokoa, anakwenda nyumbani, anarudi na mimba. Halafu akifa watasema hospitali imemuua."

Mwanafunzi mmoja alitabasamu kwa aibu, akainamisha kichwa. Wanawake waliokuwa karibu na mlango walisogeza masikio.

"Nisamehe daktari," Lea alisema. Hakujua anaomba msamaha wa nini. Alilelewa hivyo, akigombezwa na mtu wa heshima huomba msamaha kwanza.

Yudith alimsikia, na kitu kilimwuma pale pale. Alisogea.

"Daktari, shikamoo," alisema, ingawa kijana yule angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. "Samahani. Hiyo barua inasemaje?"

Daktari alibabaika, akaitikia kwa sauti ndogo. "Kwani hamjui inavyosema?"

"Tulisomewa. Naomba na wewe unisomee, kwa Kiswahili. Usiruke kitu."

Daktari alimtazama yeye, akamtazama muuguzi, ambaye alikuwa ameshaanza kumwongoza Lea kuelekea kitanda cha ndani apewe hewa. Akangoja mlango ufungwe. Kisha akasoma.

"Mgonjwa alipata presha kubwa ya mimba, mtoto akafia tumboni. Siku ya kumi na sita baada ya kujifungua moyo ulishindwa kufanya kazi yake. Moyo umetanuka. Amepata nafuu, lakini haujarudi hali yake ya kawaida. Aendelee na dawa bila kuacha, na ahudhurie kliniki kila mwezi. Ameshauriwa asipate mimba nyingine. Ikitokea, aletwe hospitali mara moja, katika wiki za mwanzo." Aligeuza karatasi. "Mwisho ameandika: mume ameelezwa."

"Rudia hapo mwisho."

"Mume ameelezwa, mama."

Yudith aliitikia kwa kichwa. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, presha ya mimba na moyo vinahusianaje, maana yeye alijua presha ya mimba inakwisha mtoto akishatoka.

"Wengi wanadhani hivyo," daktari alisema, na sasa alikuwa akiongea kama mtu aliyejuta. "Presha ikipanda, moyo unasukuma damu kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani. Wengine mtoto akitoka wanapumzika, yanaisha. Wengine misuli ya moyo inakuwa imechoka kabisa, inalegea. Inaweza kutokea siku za mwisho za mimba, inaweza kutokea hata miezi mitano baada ya kujifungua, wakati watu wameshasahau. Damu haisukumwi vizuri, maji yanabaki mapafuni. Ndiyo maana anakohoa, hawezi kulala chali, miguu inajaa. Watu wanasema ni kifua, ni baridi ya uzazi, wengine wanasema ni ule ugonjwa wa siku hizi, wanamtengea kikombe. Na mimba mpya juu ya moyo kama huo ni kumbebesha gunia mtu aliyevunjika mguu."

"Atapona?"

"Tutajitahidi. Mume yuko wapi?"

"Anakuja," Joha alisema kutoka mlangoni. "Nakwenda kumfuata mimi, kwa miguu yangu."

*

Yudith alikaa kwenye benchi la nje, bahasha mapajani. Kule Mlali yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa barua wa akina mama wasiojua kusoma. Walimletea za waume waliokwenda mashambani Kilosa, za watoto waliopotelea Dar es Salaam. Alijua jinsi mtu anavyokutazama mdomoni unaposoma, jinsi anavyopokea kila neno kama chakula. Mwaka fulani Tereza alimletea barua ya mwanawe, na ndani yake kulikuwa na mstari unaosema kijana amefungwa miezi sita. Yudith aliuruka. Alimwonea huruma, Tereza alikuwa ametoka kufiwa. Aliusoma mstari huo moyoni, akapita, akasoma salamu. Hakuna aliyejua. Alikumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kwa hiyo alijua Batholomeo hakukosea. Mtu anayekosea husitasita. Batholomeo hakusita, alitoa "waendelee na uzazi" kichwani mwake mwenyewe, amevaa miwani, amesimama mbele ya baba yake na mchungaji, na kisha akala paja la jogoo.

Alikuja saa nane, na kaunda suti yake ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Joha alikuwa nyuma yake kama askari.

"Shikamoo mama."

Yudith hakuitikia. Hilo pekee lilimfanya Batholomeo asimame palepale.

"Barua imesomwa," Yudith alisema.

Batholomeo aliitazama bahasha. "Mama umeingia chumbani kwangu?"

"Nimeingia."

"Mama, hata kama ni shida, kuna mipaka."

"Ndiyo. Nimeivuka leo asubuhi, na nitaomba radhi kwa wazee. Wewe yako umeivuka lini?"

Batholomeo alivua miwani, akaifuta kwa shati. Watu walikuwa wakipita na ndoo na mafurushi. Alipoanza kuongea aliongea kwa sauti ya chini, ya ofisini.

"Mama, tuelewane. Daktari alishauri. Neno aliloandika ni ushauri. Ushauri si amri. Mimi kazini nasoma barua kama hizo kila siku, mkubwa anashauri, na mwenye idara anaamua."

"Na idara ni Lea?"

"Sikusema hivyo."

"Dawa je? Imeandikwa asiache. Ulisema zatosha."

"Angeendelea na dawa angeuliza ni za nini. Angejua angekata tamaa, mama. Wewe hukumwona alivyokuwa akilia na zile nguo za mtoto. Nilimwonea huruma."

"Huruma naijua," Yudith alisema. "Huruma inaruka mstari mmoja, mtu asiusikie. Haimwongezei mwingine ambao haukuandikwa."

Batholomeo alianza kuifuta miwani upya.

"Nani mwingine anajua?"

Alitazama lango. "Mama yangu. Nilimwambia. Alisema madaktari wanatisha watu, alisema yeye alivimba miguu kwangu mimi na yuko hai. Mimi ni mwanaume peke yangu kwetu, mama. Ungekuwa wewe..."

"Kwa hiyo Miriam aliponitumia kitenge cha pongezi alikuwa anajua."

"Alifurahi kwa kweli, mama."

Joha, aliyekuwa ameapa njiani kwamba hatafungua mdomo, aliufungua. "Baba, mimi ni mtu wa maandazi, Kiingereza sijui. Lakini mke wako alikuwa anasimama dirishani nikimsikia mimi niliye nyumba ya pili. Wewe uliyekuwa kitanda kimoja naye ulikuwa unasikia nini?"

Muuguzi alitoka akaita jina la mume wa Lea. Kulikuwa na karatasi ya kusaini. Batholomeo alivaa miwani upesi, kama mtu aliyeokolewa, akaingia.

*

Walimweka Lea kwenye kitanda kilichoinuliwa kichwa, wakampa dawa za kupunguza maji na za presha. Ilipofika siku ya nne daktari alisema hawawezi kungoja zaidi, moyo hauwezi kuwabeba wawili. Walimtoa mtoto. Alikuwa wa kike, kilo moja na nusu, kichwa kama chungwa, na alilia kwa sauti nyembamba ambayo Yudith aliisikia kupitia milango miwili. Lea alibaki hai. Daktari Abdulrahim alikuja mwenyewe kuwaambia, na mbele ya wanafunzi wale wale alimwambia Yudith, "Mama, siku ile nilimgombeza asiyestahili." Akaongeza kuwa Lea atakunywa dawa kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote, na kwamba mimba nyingine haiwezekani tena. Hili wameshalieleza kwa mume.

"Mkalieleze na kwa mwenye tumbo," Yudith alisema.

"Ngoja apate nguvu kwanza. Siku mbili tatu. Asishtuliwe."

Batholomeo alilidaka neno hilo. Jioni hiyo alimfuata mama mkwe wake kwenye bomba la kufulia, nyuma ya wodi.

"Mama, umemsikia daktari. Asishtuliwe. Hayo mambo ya barua tuyaache. Ukimwambia sasa, moyo wake ukasimama, utakuwa umemuua wewe."

Yudith alikamua kanga. Maneno hayo yalimwingia kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Siku mbili alikaa pembeni ya kitanda cha binti yake na maneno yamemjaa mdomoni, akimlisha uji usio na chumvi, akimpangusa, akimwambia mtoto anaendelea vizuri. Na kila alipokaa kimya alijiona anafanana na yule mtu mwenye miwani. Siku ya pili aliona aibu hata kumtazama Lea machoni.

Lea ndiye aliyeanza. Ilikuwa asubuhi, wametoka kumletea mtoto akamweka kifuani ngozi kwa ngozi kama alivyofundishwa, wakamrudisha chumba cha joto.

"Mama. Yule daktari siku ile alisema niliambiwa nisifanye jambo moja."

"Ndiyo."

"Nimewaza tangu siku ile. Nimejipekua mwezi kwa mwezi. Nilibeba ndoo, nililima kidogo, nilikula magadi kwenye mlenda. Nilikosea wapi?"

Yudith aliweka bakuli chini. Alimshika mkono mahali ambapo mapigo yanasikika, kana kwamba angeweza kuyazuia yasiende mbio, akamwambia. Hakuongeza neno, hakumtukana mtu. Alimwambia mstari kwa mstari, kama ulivyoandikwa: moyo, dawa, kliniki, mimba. Alipofika mwisho alisita, kisha akausema na huo.

Mapigo chini ya vidole vya Yudith yaliruka, yakakimbia, yakatulia taratibu.

"Mwezi ule wa kwanza niliposhika mimba," Lea alisema, "aliniletea kanga mpya. Akaniambia, umeona Mungu. Tukapiga magoti wote wawili."

"Lea."

"Alikuwa analia, mama. Machozi kabisa. Nikamfuta."

Hakulia yeye. Aliomba maji, akanywa mafunda mawili tu, kama daktari alivyompimia, akarudisha kikombe.

*

Saa kumi kengele ya kuona wagonjwa ililia. Batholomeo aliingia na chupa ya chai, mkate umefungwa kwenye gazeti, na kifurushi cha soksi ndogo za kufumwa. Nyuma yake alikuwa mama yake, Miriam, amevaa kitenge sare na kile alichomtumia Yudith. Miriam alianza kushangilia tangu mlangoni, mikono hewani, akiuliza mjukuu yuko wapi, akisema msichana si haba, huyu kafungua njia, atafuatwa na wenzake.

Yudith alijisogeza asimame kati yao na kitanda. Lea alimgusa mgongo.

"Muache, mama. Apite."

Batholomeo alifika. Alimwona mke wake usoni, akamtazama Yudith, akaelewa. Alisimama na chupa mkononi asijue pa kuiweka.

"Shikamoo mama," Lea alimsalimia Miriam, kwa adabu zote.

"Marahaba mwanangu. Pole. Umetutia hofu."

"Mama, wenzake hawatakuja. Njia nimeamua ifungwe, leo asubuhi. Nimemwita daktari nikamwomba mwenyewe nifungwe kizazi, wataniandalia nikipata nguvu. Amesema inatakiwa saini ya mume." Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. "Karatasi iko mezani kwa muuguzi. Ni ya Kiswahili."

Miriam alimgeukia mwanawe, mdomo wazi, akingoja akatae. Wodi nzima ilikuwa ikiwatazama, hata waliojifanya wanachana nywele. Batholomeo alimtazama mama yake, akamtazama Lea. Alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha, akatoa nyingine. Kisha alikwenda kwenye meza ya muuguzi, akainama, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuandika jina. Miriam alimfuata, akitembea upesi, akimnong'oneza. Walipotoka mlangoni bado alikuwa akinong'ona. Muuguzi aliinua ile karatasi akaitazama, akaipepea kidogo wino ukauke.

Chupa ya chai ilibaki sakafuni. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyeletwa asubuhi kutoka Msalato na hakuwa na habari ya chochote, alijiinua kwa kiwiko.

"Pole dada. Yule kaka mwenye miwani ni mumeo?"

Lea alikuwa akizisogeza zile soksi pembeni ya mto, zisianguke.

"Ni mtu aliyenisomea barua," alisema.